Mpini kwa Mkono wa Zadock

Fridley, Minnesota
6 Oktoba 2024

Shemeji Ngumbau,

Utashangaa kupata barua yenye stempu wakati namba yangu ya simu unayo. Nina sababu mbili. Ya kwanza, jambo lenyewe linataka vipimo. Ya pili, simu yangu huzagaa mezani na dadako huichukua kuangalia saa, na hili sitaki alione. Si ubaya. Tangu tuoane Alice hapendi habari za bunduki zitajwe nyumbani, na unajua akinuna hununa wiki nzima.

Kazi yangu unaijua. Nalinda ghala la dawa hapa Fridley, na ni lazima nibebe bastola. Yangu ni ya mtindo wa zamani, ile ya risasi sita zinazozunguka. Niliinunua kwa mlinzi mmoja wa Inver Grove Heights alipostaafu, na haijawahi kunikwamia. Shida ni mpini. Baridi ikianza mkono wangu hukakamaa kidogo, na mpini unanichezea kiganjani.

Nimeshajaribu mipini mitatu. Wa kwanza ni wa mpira, una mipindo ya kukalisha vidole. Niliupata Maple Grove. Aliyeubuni alikuwa na vidole vinene kuliko vyangu, kwa hiyo vyangu vinakaa juu ya matuta badala ya kukaa mabondeni. Wa pili ni wa mbao nyembamba, unapendeza macho, lakini kila risasi inakuchapa kiganja kama mwalimu wa zamani. Wa tatu ni soksi ya mpira unayouvisha mpini uliopo. Nilipotoa jasho ikazunguka yenyewe. Muuzaji akanishauri niendelee kununua mpaka mkono uridhike. Huo ni ushauri wa muuzaji.

Mwezi wa Machi nina mtihani wa shabaha, ule wa kila mwaka. Anayeanguka hapewi ruhusa ya kubeba bastola, na asiye na bastola hana zamu ghalani. Ujue pia kwamba bima ya matibabu ya nyumba nzima imo katika kazi yangu. Alice hufanya zamu za kuitwa tu, na huko bima hawampi. Ndiyo maana nakuomba unichongee mpini. Umechonga maisha yako yote, na mikono ya watu unaielewa.

Usimwambie Alice.

Shemeji yako,
Zadock Wanjala


Changamwe, Mombasa
3 Novemba 2024

Shemeji Zadock,

Barua yako imefika, na mwandiko wako bado umesimama wima kama siku zile ulipokuwa askari hapa Changamwe ukija kwetu kuomba maji ya kunywa huku macho yako kwa dada yangu. Hatukuwa vipofu.

Miaka thelathini nimechonga twiga, vifaru, na Wamasai wasiojua kucheka. Bastola bado. Nililifikiria jambo lako siku mbili nzima, maana mimi ni mzee wa kanisa na sikutaka mkono wangu uwe kwenye kitu cha kuua. Kisha nikakumbuka nimechonga mipini mingapi ya panga, na sikumuuliza mtu hata mmoja anakwenda kukata nini. Basi nitachonga.

Hiyo mipindo ya vidole achana nayo. Ni kumlazimisha mtu ashike vile unavyoshika wewe. Na ule mwembamba unakuumiza kwa sababu haugusi katikati ya kiganja, kwa hiyo pigo lote linapokewa na mfupa mmoja. Mpini mzuri unajaza ile nafasi inayobaki mkono ukijifunga, basi. Ukijazwa vizuri, huhitaji hata kukaza sana.

Usinitumie picha. Picha inaonyesha mkono bila nguvu zake. Sisi karakanani tunapima hivi. Chukua unga wa ngano, tia chumvi nyingi na maji kidogo, ukande mpaka uwe mgumu. Ugali usijaribu, utaoza na panya wa posta watakushukuru. Tengeneza donge la ukubwa wa ngumi yako. Lishike kama unavyoshika bastola, kidole cha shahada ukikinyoosha pembeni, ulibonyeze mara moja kwa nguvu zako zote, uliachie. Usirekebishe chochote. Likaushe siku nne, ulifunge kwa kitambaa, unitumie pamoja na vile vibao viwili vya mbao vilivyokuja na bastola, nipate kujua skrubu inapita wapi.

Alice hatasikia kwangu. Ila mwanamume akianza kumficha mkewe mpini, sijui ataishia kumficha nini. Nakutania.

Ngumbau


Fridley
30 Novemba 2024

Shemeji,

Donge ndilo hilo, na vibao ndivyo hivyo. Nililikanda Alice akiwa kazini kule kwenye makao ya wazee, nikalipeleka ghalani likiwa bado laini. Limekaukia juu ya hita ya chumba cha walinzi. Mwenzangu wa zamu, Rigobert, mtu wa Bukavu, alicheka mpaka akakaa chini. Alidhani ni chakula cha kwetu Bungoma.

Theluji imeanza wiki hii. Watu wa kanisa walikuja kwetu Alhamisi kula bata mzinga, na Alice alipika chapati nyingi kuliko wageni. Yeye mzima. Anachoka, lakini mzima.

Ulisema nibonyeze kwa nguvu zote. Nguvu ipo, utaiona mwenyewe kwenye unga.

Fanya haraka ukiweza. Machi si mbali.

Zadock


Changamwe
12 Januari 2025

Shemeji Zadock,

Marekani imekulisha. Nimelizungusha donge lako mkononi kila asubuhi kabla ya kushika tezo, na kila nikilishika nacheka. Nakumbuka ulivyonipa mkono siku mlipoleta mahari: mkono mrefu, mkavu, wa mtu asiyemaliza sahani. Sasa una kiganja cha mwokaji mikate. Kidole cha mwisho peke yake kimezama kwenye unga kama kinatafuta kitu. Na kidole gumba, Mungu akuzidishie, kimeacha shimo la kuwekea yai la kwale.

Nilitaka kutumia mpingo, maana nina kipande nilichokiweka tangu enzi mti huo ulipokuwa bado ukipatikana. Nikaahirisha. Mpingo ukilowa jasho huteleza. Nimechukua moyo wa mwarobaini mzee, ambao una vinyweleo na haukimbii mkono. Upande wa kulia nimeuachia tumbo dogo la kujaza kiganja chako, na nyuma, chini ya kidole gumba, nimeunyanyua kidogo ili pigo ligawanyike. Vanishi sikupaka. Nimesugua kwa msasa mpaka ule laini kabisa, nikamaliza kwa nta. Mara ya kwanza utahisi kama ni mnene, lakini upe wiki moja kabla hujaulaumu.

Posta waliniuliza kilichomo nikaandika "mapambo ya mbao". Sikusema uongo, ni mapambo ya bastola.

Ila mwandiko wako wa mara hii umelala upande wa pili na herufi zimekuwa kubwa kama za mtoto wa chekechea. Nini, uliandikia ndani ya gari?

Ngumbau


Fridley
23 Machi 2025

Shemeji Ngumbau,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Barua ya Novemba pia niliiandika kwa kushoto, na hukukosea kuuliza.

Mpini ulifika mwisho wa Februari. Sijawahi kushika kitu kilichochongwa vizuri hivyo, na mkononi mwangu ulikuwa kama kiatu cha mtu mwingine. Kosa si lako. Lile donge sikulibonyeza mimi. Alilibonyeza Rigobert. Nilimwambia nimekata kidole, anisaidie, naye akabonyeza kwa roho moja kama afanyavyo kila kitu. Mpini ulipokuja aliushika kwanza yeye, akaniangalia, akasema, "Mzee, hii balitengeneza juu ya mukono yangu." Nikacheka. Sikuwa na la kufanya.

Utaniuliza akili zangu zilikuwa wapi. Nilijaribu kubonyeza mwenyewe mara tatu usiku ule wa kwanza. Nilipoona nilichobakisha kwenye unga nikaona haya kukutumia. Wewe ni kaka wa mke wangu. Ulinipa dada yako mbele ya watu. Nikajidanganya kwamba nikipata mpini wa mkono wenye nguvu, mkono wangu utajifunza. Ni ujinga, najua, lakini siku ile ulionekana kama mpango.

Mtihani ulikuwa tarehe 14. Risasi mbili zilikwenda mahali pake. Ya tatu bastola iligeuka mkononi mwangu ikaangalia ukuta. Mkufunzi akanishika mkono taratibu, kama mtu anayemchukulia mtoto kisu, akaniondolea. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia ni baridi.

Si baridi. Ilianza kiangazi cha mwaka juzi kwa kidole gumba. Sasa ile nyama iliyo kati ya gumba na shahada imekwisha, pamebaki bonde. Haiumi hata kidogo, ndiyo maana niliiachia. Daktari sijaenda. Nikienda itaandikwa, na ikiandikwa kampuni itajua. Na mficha maradhi, usinimalizie, methali hiyo naijua.

Wamenipa mpaka mwisho wa Juni nijaribu tena. Nimebonyeza donge jingine, hili ni langu, kwa mkono wangu wa kulia, mara moja, bila kurekebisha. Nichongee kwa donge hili. Fanya mpini uwe kama mkono wangu ulivyo, hata ukiwa wa ajabu, hata watu wakiucheka. Kwa kweli sina njia nyingine, shemeji. Nikipoteza kazi hii, nitamwambia nini Alice?

Zadock


Changamwe
27 Aprili 2025

Dada yangu Alice,

Barua hii nimeituma kazini kwako ili isipite mlangoni kwenu. Kaa chini uisome ukiwa peke yako.

Tangu Oktoba mumeo ananiandikia kuhusu mpini wa bastola yake. Niliahidi kunyamaza, na nimenyamaza vibaya. Alhamisi nimepokea donge la unga alilolibonyeza ili nipime mkono wake. La kwanza alinitumia la mtu mwingine, akaficha. Hili la pili ni lake.

Alice, ni mviringo. Limekuja kama kaimati. Nililitafuta alama nikidhani zimefutika njiani, nikalipeleka juani, nikalishika macho yamefumbwa. Kidole cha kati kimeacha kidimbwi cha punje ya mchele. Kidole gumba hakikuacha kitu. Na aliniandikia kwamba amebonyeza kwa nguvu zake zote, na ninamwamini.

Nimejaribu. Nimechonga mitatu. Mmoja nimeunenepesha, mmoja nimeukondesha mpaka skrubu ikaonekana, mmoja nimeutia pembe ya kushikilia kidole. Nikiushika mimi, kila mmoja ni mzuri. Nikijaribu kushika kama yeye, vidole vikiwa vimelegea, yote inaanguka chini. Vijana wa karakanani wanadhani nimeanza kuzeeka, kutwa naangusha mbao. Nilikaa pale kwenye vumbi nikalia, sikutaka kukuficha hilo. Mkono usiofunga hauna mpini. Sijafundishwa, na aliyenifundisha hakujua.

Mpeleke hospitali. Sijui kama nimefanya vizuri kukuambia. Anaogopa haya kuliko anavyoogopa ugonjwa, kwa hiyo ukimkabili, mkabili pole pole. Anasema ana mpaka mwisho wa Juni.

Kaka yako,
Ngumbau


Fridley
18 Mei 2025

Kaka Ngumbau,

Nimeisoma barua yako chooni kazini, ndiko peke yake hakuna anayeniita.

Ninajua. Nimejua tangu Agosti mwaka jana, siku aliponipa chupa ya asali nimfungulie akisema mikono yake ina mafuta. Mikono haikuwa na mafuta. Hapa kwenye makao ya wazee nilimhudumia bibi mmoja aliyeanza vile vile: kidole gumba, kisha mkono, kisha mguu, kisha kumeza. Miaka miwili na nusu. Nilimlisha mimi, nikamfuta mate mimi, na mwishoni alikuwa anaongea na mimi kwa kope. Madaktari walikuja wengi na dawa ya kuurudisha mkono haikuwepo. Kwa hiyo nilipoangalia kiganja cha mume wangu sikuhitaji kuambiwa.

Nilimpangia daktari mara mbili. Mara ya kwanza akasema ana zamu. Mara ya pili akaniambia, "Alice, hii ni baridi tu, usiniletee mambo ya kazi yako hapa." Mara ya tatu sikupanga. Nilisema moyoni, likitajwa jina litalala nasi kitandani kila siku. Nimpe miezi ya kutojua. Sasa sijui nilimpa yeye ama nilijipa mimi.

Kaka, hakuna mwisho wa Juni. Kampuni ilimwachisha siku ile ile ya mtihani. Rigobert ndiye aliyenipigia simu. "Mama Alice, siweze kukuficha. Mzee balimusimamisha kazi." Lakini Zadock kila asubuhi huvaa sare. Namfunga vifungo mimi, na husema vifungo vya siku hizi wanavifanya vidogo. Namwambia ni kweli. Kisha anaendesha gari mpaka maktaba, anakaa pale kwenye maegesho na chakula chake mpaka saa tisa. Nilimfuata mara moja. Sikumfuata tena.

Bima isikuhangaishe. Nimechukua kazi ya kudumu hapa, na bima sasa imo kwangu. Hajui. Anadhani bado ananibeba, na mimi sina moyo wa kumshusha.

Na bastola haipo. Huiweka kwenye kisanduku cha chuma kabatini, na ufunguo huuning'iniza mkandani. Mimi nina wa pili. Mwezi wa Aprili nilimwita Rigobert aje aichukue akaiuze. Sikuogopa kwamba Zadock angemdhuru mtu. Niliogopa tu, kaka, usiniulize zaidi. Yeye bado hajui kisanduku ni kitupu, kwa sababu hawezi tena kuzungusha ufunguo ule mgumu kwa mkono wowote, na hataki kuniomba nimzungushie.

Sasa nakuomba jambo ambalo ni dhambi. Kila siku akirudi anapitia kwenye sanduku la barua kabla hajaingia ndani. Namwona dirishani. Ananyoosha mgongo, anafungua kwa mkono wa kushoto, anaangalia, anafunga. Ni dakika hiyo tu kwa siku anatembea kama mtu ninayemjua. Ukimwandikia kwamba haiwezekani, hiyo dakika itakwisha na sina nyingine ya kumpa. Daktari nimempangia Julai, safari hii nitamwingiza garini kwa nguvu, na huko ataambiwa. Ni Julai tu naomba. Kwa sasa mwandikie unachonga.

Usimwambie kwamba ninajua.

Alice


Changamwe
15 Juni 2025

Shemeji Zadock,

Nisamehe kwa kuchelewa. Donge lako la pili nililipata salama, halikuvunjika popote. Umelibonyeza vizuri, na alama zote zinasomeka.

Kazi yako nimeianza. Wa kwanza niliuchonga nikauona mnene, wa pili mwembamba, kwa hiyo yote miwili nimeiweka kando, maana sitaki kukutumia kitu cha nusu. Huu wa sasa ni wa ule mpingo niliokuambia. Nimebadilisha mawazo kuhusu mpingo. Mkono wako unautaka. Shida yake ni kwamba hauendeshwi mbio. Nikiuchonga kidogo nauacha kivulini upumue, nikiuharakisha unapasuka na sina kipande kingine kama hicho.

Mwisho wa Juni sitawahi. Waambie kampuni wakuongezee muda. Mtu aliyefanya kazi kama wewe watamwongezea, hata mimi ningemwongezea.

Alice msalimie, na tulivyokubaliana, mimi kwangu hajasikia neno. Wewe endelea kuangalia posta. Ukikuta hakuna kitu, ujue mti bado unakauka.

Shemeji yako,
Ngumbau